Akidi kwa Njia ya Ziwa

Ukipotea Kyebando ukitafuta nyumba ya Akidi, usiulize rangi ya geti. Ulizia mama wa baiskeli, hata mtoto wa chekechea atakupeleka. Hapa Kampala mwanamke akipanda baiskeli watu husimama kumtazama kama aliyetoka nje bila nguo. Kwao Kitgum wanawake wanapanda, mtoto mgongoni na gunia la mtama nyuma, na hakuna anayegeuza shingo. Huku kwetu wanasema ni kukosa adabu. Akidi amesikia maneno hayo tangu alipokuja mjini akiwa mke kijana wa polisi, na jibu lake halijabadilika: anapiga kengele na kuwaambia wapishe.

Mimi ni Sitti, fundi cherehani, ukuta wangu na wake ni mmoja. Wengine wanamwita Mama Oola. Mimi namwita Akidi kwa sababu tumezeeka pamoja tangu kambi ya polisi ya Naguru, ambako baba yangu, Mnubi, alikuwa sajini, na mume wake, marehemu Okidi, alikuwa konstebo. Umri wake umepita sitini. Anayetaka kujua umepita kwa kiasi gani amwulize mwenyewe, kama hana kazi nyingine ya kufanya. Haya ninayosimulia, mengine niliyaona, mengine nimeyapata kinywani mwake, na ya mwisho nimeyapata kwa Vera, mke wa mwanawe, ambaye hana sababu yoyote ya kumpamba mama mkwe.

Mambo yalianza kwa kuanguka. Masika ya mwaka jana Akidi aliteleza kwenye mtaro mbele ya nyumba yake, akaumia nyonga, akalazwa. Alipotoka hospitali, akichechemea kidogo, wanawe walikuwa wameshakata shauri. Nasema walikata. Kuomba hawakuomba.

Walikuja Jumapili baada ya kanisa. Alikuwepo Oola, kifungua mimba wake, inspekta wa polisi Entebbe. Alikuwepo Ajok, binti yake mwalimu. Na alikuwepo Ochan, mdogo wa marehemu, askari mstaafu wa magereza kule Luzira, mtu ambaye hata leo akikaa sebuleni kwa watu macho yake yanazunguka kana kwamba anahesabu wafungwa. Mimi nilikuwepo kwa sababu viti vilikuwa vyangu.

"Mama," Oola akaanza, "we umekuwa mzee. Utakuja kukaa na sisi kule kota. Chumba iko. Hii nyumba tutapangisha."

"Nyumba gani?"

"Hii, mama."

Ajok akaangalia sakafu. Ochan akakohoa kikohozi cha kiofisa. "Shemeji, mjane wa ukoo yetu hawezi kaa peke yake. Ukianguka tena usiku, nani ataokota wewe?"

Hapa lazima niwaambie habari ya nyumba hiyo, ndipo mtakapoelewa kwa nini chai ilinimwagikia niliposikia maneno hayo. Okidi alipokufa, matanga hayajaisha vizuri, Akidi aliletewa taarifa ya kuhama, kwa kuwa kota ni ya polisi aliye hai. Hakuna aliyemwonea, ndiyo sheria, na baba yangu mwenyewe alishaipeleka taarifa ya namna hiyo kwa wajane wa wengine. Nyumba ya serikali ni kama koti la kuazima, linakupasha joto mpaka mwenyewe alitake. Akidi alitoka pale na watoto wawili, godoro, na baiskeli nyeusi ya Kihindi, nzito kama mlango wa chuma. Kwa baiskeli hiyo aliuza odii, ule mseto wa karanga na simsim uliosagwa ambao Waacholi wanautia kwenye mboga. Aliuza Naguru, akauza Ntinda, akauza Kamwokya, kilima baada ya kilima, jua likimchoma na watu wakimcheka. Odii ikanunua kiwanja. Odii ikapandisha ukuta wa chumba kimoja, halafu cha pili. Usione vyaelea, vimeundwa. Siku alipotiliwa kitasa mlangoni alikifunga na kukifungua, akakifunga na kukifungua, mpaka nikamwambia atakiharibu kabla hajalala humo.

Mtu wa namna hiyo ndiye unamwambia arudi kota.

Nilitegemea atapiga kelele. Hakupiga. Alikunja kanga magotini akawatazama mmoja mmoja.

"Mnasema mimi nimekwisha?"

"Hapana, mama, hakuna mtu amesema..."

"Basi sikieni. Mimi nitakuja Entebbe. Lakini si na gari. Nitakuja na baiskeli, peke yangu, na nitapita njia ya ziwa. Luzira, Ggaba, Munyonyo, mpaka kwa geti ya Oola. Nikiingia kwa geti mbele ya saa kumi na mbili ya jioni, na sijaita mtu kwa simu kunisaidia, mtaacha mimi na nyumba yangu. Nikishindwa, leteni gari mchukue godoro."

Ochan alicheka mpaka akashika kifua. "Shemeji! Hata Luzira hautafika!"

"Unakubali ao hukubali?"

"Nakubali! Mbele ya hawa watu wote, nakubali!"

Kwao, neno la baba mdogo likitoka mbele ya watu halirudishwi mfukoni. Oola alibaki amefumbua mdomo kama samaki wa Ggaba. Akidi naye alikuwa amejifunga mwenyewe, na maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga.

Walipoondoka nilimwuliza kwa nini ziwa. Barabara ya kawaida ya Entebbe ni fupi zaidi, na kama ni ubishi tu, si angechagua njia ya kumwonea huruma nyonga yake? Akanitazama kana kwamba mjinga ni mimi.

"Sitti, mimi nimezeeka kwa mji hii, na ziwa iko hapo chini. Nimeona lini? Nikinunua samaki tu. Nataka kuona ziwa siku moja na sinunui kitu."

Aliondoka Jumamosi kabla jogoo hawajachoka kuwika. Nilimshikia taa akijaza upepo. Kwenye kapu la nyuma alitia muhogo wa kuchemsha, kopo la odii, maji, na koti la mvua la Okidi, lile la polisi, ambalo lilipaswa kurudishwa stoo na halikurudishwa, na atakayelitaka aje alichukue. Simu aliniachia mimi. "Ikilia, waambie niko njiani." Halafu akavuka mtaro uleule uliomwangusha, akaupigia kengele.

Alipita Naguru bado kuna baridi, akashuka Nakawa, akafika Luzira jua linachomoza. Pale stendi ya bodaboda karibu na njia ya Port Bell vijana walimkata njia kwa maneno, wakimwita jjajja, yaani bibi, na baiskeli yake wakiiita gaali.

"Jjajja! We nakwenda wapi na gaali hii?"

"Entebbe."

"Entebbe iko huko nyuma! Umepotea, nyabo! Panda hapa, mimi nitabeba wewe na gaali yako."

"Kijana, pikipiki yako ina miguu?"

"Hapana, jjajja."

"Mimi iko nayo. Nipishe."

Walicheka wao kwa wao, na mmoja wao akamsindikiza kwa honi mpaka kwenye mteremko. Akidi anasema hapo ndipo alipoachia breki kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Aliogopa, lakini hakuzishika tena mpaka chini.

Port Bell aliegemeza baiskeli kwenye nguzo akashuka mpaka majini. Ziwa halikuwa zuri. Lilikuwa la kijani kama supu ya mchicha, na chupa za plastiki zilikuwa zinagongana kwenye mawe. Akanawa uso hivyo hivyo. Aliniambia alisimama pale muda mrefu akicheka peke yake, mwanamke mzee na kanga imelowa, kwa sababu hakuna mtu duniani aliyejua alipo wala aliyekuwa anamngoja apike. Nikamwuliza kama hakusikia upweke. Akasema upweke ni kukaa kwenye chumba cha nyuma unangoja watu wamalize kula ndipo uulizwe umelalaje.

Ziwa pale linaingia ndani kama mfuko, kwa hiyo ukitaka kwenda Ggaba lazima upande tena, Kitintale, Namuwongo, Kansanga, kisha ushuke. Vilima vile alivisukuma. Kusukuma hakukuwa kushindwa, maana masharti hayakusema awe juu ya tandiko kila hatua. Mimi mwenyewe nilikuwa shahidi wa masharti, na Ochan kama ana la kusema juu ya kusukuma aje aseme kwangu.

Simu ilianza kulia kwangu nikiwa nakata kitambaa cha gomesi, lile gauni la heshima la wanawake wa huku.

"Mama Sitti, mama iko wapi?" Ni Oola.

"Yuko njiani."

"Njia gani?"

"Ile aliyokwambia."

"Sasa kwa nini simu yake iko na wewe?"

"Kwa sababu yeye ana kazi."

Alipiga tena baada ya muda, na tena. Kijana huyu anampenda mama yake, sitamsingizia. Lakini kuna watu wakimpenda mtu wanataka kumweka kabatini.

Pale Ggaba, Akidi alikula muhogo wake sokoni katikati ya harufu ya samaki wa kukaanga. Mwenye boti mmoja, alipouliza na kujibiwa, akamwonea huruma kweli kweli. Akamwonyesha ng'ambo kwa mkono.

"Mama, balabala ni mbaya. Weka gaali kwa boti, mimi nitafikisha wewe Entebbe, hata hautatoka jasho. Mtu hatajua."

"Mimi nitajua," akasema Akidi. "Hapo itakuwa boti imefika. Mimi sijafika."

Munyonyo kuna hoteli kubwa yenye bustani inayoshuka mpaka majini. Akidi aliona nyasi zile kutoka barabarani, akaona na ziwa limetulia nyuma yake, safi, bila chupa hata moja, akaenda getini kuomba kukaa kidogo chini. Mlinzi, kijana mwenye heshima, akamwambia pale ni kwa wageni wa hoteli tu. Akidi hakugombana naye, kijana analinda mkate wake. Alisogea mbele kidogo, ukuta wa bustani unapoishia na mwalo wa wavuvi unapoanza, akakaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, akatazama maji yaleyale ya wenye hoteli bila kumlipa mtu. Akatoa miguu kwenye viatu. Kulikuwa na korongo wa marabu anamtazama kwa dharau, akamtazama naye kwa dharau. Anasema kama siku ingeishia pale angerudi nyumbani ameshiba.

Haikuishia pale. Mvua ilimkuta akiwa ameshaiacha Busabala, katika barabara ya udongo mwekundu kuelekea Kigo, na mvua ya kando ya ziwa haina hodi. Udongo ule ukilowa unakuwa sabuni. Alishuka, akasukuma, gurudumu likajaa matope mpaka likagoma kuzunguka, akalichokonoa kwa kijiti, akasukuma tena. Alipofika kwenye kibanda cha mwanamke wa chapati, akaketi kwenye benchi, na alipotaka kuinuka nyonga ilikataa. Haikuuma tu, ilikataa. Mguu ulikuwa wake lakini haukumsikia.

Mwenye kibanda, Latifah jina lake, alikuwa mwanamke mwenye moyo mzuri, na watu wa moyo mzuri ndio wanaoweza kukumaliza. Alimpa chai. Alimwuliza habari, akasimuliwa zote. Halafu akatoa simu yake kwenye aproni akaiweka mezani mbele ya Akidi.

"Jjajja, piga kwa mtoto wako. Yeye iko na gari. Nyumba ya mtoto, si ni nyumba yako?"

Akidi alilia. Aliniambia bila kuficha, nami sitaficha kwa niaba yake. Alilia kwa hofu, kwa sababu aliona kwamba huenda Ochan ana haki, huenda kweli amekwisha, na anayekwisha ndiye wa mwisho kujua. Namba ya Oola aliijua kwa kichwa. Aliishika simu ile. Alibonyeza tarakimu za mwanzo.

Huku Kyebando, wakati huohuo au karibu na huo, Oola alikuwa amenipigia mimi. "Mvua iko kubwa huku. Nakwenda kutafuta yeye na gari."

"Nenda," nikamwambia. "Nenda uvunje neno la baba yako mdogo mbele ya mama yako. Halafu mtamtia godoroni, na kila akikutazama atakuwa anatazama mtu aliyemwibia siku yake."

"We ni mbaya, Mama Sitti," akasema, akakata. Lakini hakwenda.

Kilichomwinua Akidi, anasema, ni lile neno la Latifah. Nyumba ya mtoto ni nyumba yako. Alilitafakari huku kidole kikiwa juu ya kitufe. Aliwaza dirisha la chumba cha nyuma kule kota, ambalo angeomba ruhusa kulifungua. Aliwaza kuuliza kama leo anaweza kusaga karanga au kelele zitamwamsha mjukuu. Aliwaza Vera, msichana mzuri, akificha uchovu wake kila asubuhi kwa salamu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata kama aliyemfunga anampenda. Akairudisha simu mezani.

"Mwanangu," akamwambia Latifah, "una maji moto na kitambaa?"

Latifah alifunga mlango wa kibanda, akamlaza kwenye benchi, akamkanda nyonga kwa kitambaa cha moto na mafuta ya kukaangia chapati, kwa nguvu kama anakanda unga. Akidi alipiga ukelele mmoja. Kisha akasimama, akatembea mara moja kuzunguka kibanda, akavaa koti la Okidi. Mvua ilikuwa inapungua. Alimwachia Latifah kopo lote la odii, wakaagana kama dada.

Kutoka hapo hakuna la kusifia, ilikuwa ni mateso tu. Lweza, Kajjansi, halafu barabara ya Entebbe yenyewe, malori yanampulizia moshi masikioni, matope yamekaukia miguuni. Ziwa alikuwa analiona kwa vipande tu kule kushoto, kati ya migomba, na kila akiliona alikuwa anaongeza mwendo. Kisubi akanywa maji ya mwisho. Pale Abayita Ababiri watu walimshangilia bila kujua wanashangilia nini. Jua lilikuwa limeshuka, naye hakuwa na saa, alikuwa anasoma vivuli.

Sasa ya Vera.

Kota anayokaa Oola iko ndani ya kambi ndogo ya polisi kando ya barabara. Kuna geti, kuna kibanda cha zamu, na mbele ya kibanda kuna mlingoti wa bendera. Walikuwa wamesimama ndani ya geti wote watatu. Oola alikuwa hajatulia tangu mvua, Ochan ameshika saa ya mkononi kama anayengoja kufungua seli, na Vera ana sufuria mkononi kwa sababu alikuwa anapika. Wakamwona akitokea kwenye kona. Koti kubwa la polisi, kanga, matope, na gurudumu linayumba. Oola alisema kitu kwa Kiacholi ambacho Vera hakukielewa, lakini sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. Ochan akatazama saa. Ilikuwa bado, dakika kadhaa zimebaki. Vera anasema alimwona Ochan akitabasamu, na akamsamehe mambo mengi kwa tabasamu lile.

Kijana wa zamu alikuwa na haraka zake za jioni, akapuliza filimbi mapema.

Kama hukulelewa kambini, hili litakuwa gumu kwako, kama lilivyokuwa kwa Vera, ambaye baba yake ni mkulima wa ndizi Mbarara. Jioni bendera ikishushwa, filimbi ya kwanza inapulizwa, na kila kitu kinasimama. Ukiwa umebeba maji, unasimama nayo. Ukiwa unamfukuza mbuzi, mbuzi anakwenda zake. Hakuna anayesogea mpaka filimbi ya pili. Mimi nilizaliwa nayo. Nikisikia filimbi yoyote saa ile, hata ya refa wa mpira, miguu yangu inagandana yenyewe. Hatukufundishwa kwa maneno, tulifundishwa kwa fimbo.

Akidi alikuwa nje ya geti, karibu kiasi cha kutupa kiatu kikaingia ndani. Angeweza kukanyaga pedali mara chache tu. Alishuka. Aliweka miguu pamoja, akashusha mikono, akainua kidevu. Baiskeli, isiyoshikwa na mtu, ikamwegemea nyonga mbovu, naye hakuisukuma.

Ndani ya geti Oola alikuwa amekakamaa. Ochan amekakamaa, mkono wenye saa umenyooka ubavuni, hawezi hata kuinua kuitazama. Vera peke yake ndiye aliyekuwa anasogea.

"Mama, njoo!" alinong'ona, kisha akasahau kunong'ona. "Njoo! Kuja! Ni hapa tu!"

Akidi hakugeuza hata jicho. Na ile bendera, kama vile imelipwa kufanya hivyo, ikanasa. Kamba ilijisokota juu ya mlingoti. Kijana akavuta, ikagoma. Akaipandisha kidogo, akavuta tena. Vera anasema alimwona mama mkwe wake anatetemeka mguu mmoja, machozi yanashuka, na mtoto wa huyo mama amesimama pale anatokwa machozi vilevile, na wote wawili hawajipangusi. Alitaka kuwapiga wote kwa sufuria.

Bendera ilishuka mwishowe. Ikakunjwa. Filimbi ya pili ikalia.

Ochan akainua mkono. Akaitazama saa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Imepita," akasema. Hakusema kwa furaha. "Saa kumi na mbili imepita, na yeye iko nje."

"Baba, ilikuwa ni bendera," Oola akasema.

"Bendera ni bendera, saa ni saa. Tulisema geti. Yeye mwenyewe alisema geti."

"Lakini alikuwa amefika! We umeona!"

"Nimeona. Mimi pia naumia. Lakini neno ni neno, Oola. Hata wewe ni mtu wa sheria. Tukiacha hii, kesho nani atasikia maneno ya ukoo?"

Wakaendelea hivyo, mwanamume mmoja wa magereza na mmoja wa polisi, wakipima kama mwanamke aliyesimama mbele yao anaruhusiwa kwenda kulala kwake. Akidi alikuwa ameshika usukani anawasikiliza. Kisha akapiga kengele, mara moja, na wote wakanyamaza.

"Ochan iko sawa," akasema. "Nimechelewa. Nimeshindwa."

Oola akafunga macho.

"Na sihami."

"Shemeji..." Ochan akaanza.

"Ngoja, sijamaliza. Neno langu nimevunja. Nenda sema kwa ukoo yote, sema mpaka Kitgum, Akidi alitoa neno mbele ya watu akavunja. Hiyo aibu nitabeba mimi, nimebeba vitu vizito kuliko hiyo. Lakini kosa yangu si ya leo. Kosa yangu ni ile Jumapili. Nilichukua nyumba yangu nikaweka katikati yenu kama kitu ya kushindania, na nyinyi mkafikiri iko yenu. Mtu anaomba ruhusa kulala kwa nyumba yake? Nilikosa. Sitakosa tena." Akaonyesha kibanda cha zamu kwa kidevu. "Hii filimbi imesimamisha mimi tangu niko msichana. Leo pia imesimamisha mimi, umeona. Ikaniondoa kwa nyumba ya Okidi na watoto wangu wadogo, nikatoka, sikusema kitu. Kwangu Kyebando hakuna filimbi. Siku nitaanguka, nitaanguka kwangu, na Sitti atasikia kwa ukuta."

Vera anasema hata kijana wa zamu alikuwa amesimama na bendera mkononi, hajui aipeleke wapi. Ochan alikuwa anatazama viatu vyake. Oola alimtazama mama yake kuanzia matope ya miguuni mpaka koti la baba yake, akavuta pumzi, na alipozungumza hakumwambia mama yake, alimwambia mkewe.

"Vera, bandika maji ya kuoga. Tumepata mgeni."

Ochan akainua kichwa. "Mgeni mpaka lini?"

"Mpaka asubuhi," Oola akasema. Akaenda nje ya geti, akaipokea baiskeli mikononi mwa mama yake, akaiingiza ndani na kuigeuza ielekee barabarani.